Koki Iliyomuuma Dada Nekesa

Jina la Bwana lisifiwe, ndugu zangu! Nanyi mlioketi nje kwa kukosa viti, nawasalimu pia. Nimemwomba mchungaji nisimame hapa chini, nisipande madhabahuni, maana leo nasimama kama mwenye kosa kabla ya kusimama kama mzee wa kanisa.

Wengi mnanijua. Mimi ni Wandera, mtunza majengo ya kanisa hili kwa miaka ishirini na mitatu: kanisa lenyewe, nyumba ya mchungaji, na zahanati yetu ng'ambo ya barabara. Mlango ukikwama, Wandera. Paa likivuja, Wandera. Kazi hii sikuisomea. Niliwabebea zege mafundi wa Busia, upande huu wa Uganda na upande wa Kenya, nikawa natazama mikono yao. Na kwa kuwa Mungu alinijalia wepesi wa kushika, nikajiona nimefika. Mtu akinieleza jambo la kazi, nilimjibu, "Wewe umezaliwa juzi."

Hicho ni kiburi, ndugu zangu! Kilikaa ndani yangu kimya kabisa, nami naongoza maombi ya alfajiri.

Bomba la chuma lililoleta maji zahanati lilikuwa limeliwa na kutu. Nikalichimbua lote, kutoka kwenye tangi hadi ukutani, nikalaza bomba la plastiki. Maji yakatoka kwa nguvu, akina mama wakapiga vigelegele. Siku hiyo nilichinjiwa kuku.

Haukupita mwezi, koki ya zahanati ikaanza kuuma watu. Ndiyo, kuuma! Unaigusa, mkono unatetemeka hadi begani, unaruka nyuma. Tena si kila siku. Jumanne unanawa bila neno. Lakini Jumatatu na Alhamisi, siku za kliniki ya akina mama, inauma. Wauguzi iliwagusa kidogo tu, au haikuwagusa kabisa. Aliyeumwa kuliko wote ni dada yetu Nekesa, mjane, aliyekuwa akifagia na kupiga deki pale. Yeye ilimtupa chini.

Mnajua maneno yalivyoanza. Mbona yeye? Mbona mume wake alikufa ghafla? Mtu mmoja akatania kwenye foleni ya dawa, "Huyu hata maji yanamkataa!" na foleni nzima ikacheka.

Mimi nilikagua, nikaona bomba jipya na koki mpya. Nikawaambia wazee wenzangu, "Kazi yangu haina kasoro. Hili si jambo la bomba, hili ni la rohoni." Tukaenda wazee wanne na chupa ya mafuta. Nikaipaka koki mafuta, nikaikemea kwa sauti kuu! Ilikuwa Jumanne. Nikaishika, haikuuma. Tukaimba mpaka tukatoka jasho. Alhamisi ikamtupa Nekesa, akapasuka paji la uso.

Ndipo nikafanya jambo ambalo mpaka leo linanichoma. Jumapili, hapa hapa, nilimwita mbele nikamwuliza anaficha nini. Akasema, "Baba, mimi sina kitu. Mimi nafagia tu." Nikamwambia asikanyage zahanati mpaka atubu. Sauti ile ilikuwa yangu. Kovu analo, na ninyi mmeliona.

Baadaye chuo kimoja huko Tororo kilitangaza mafunzo ya ngazi ya kati ya utunzaji wa majengo, kwa watu walio tayari kazini: maji, umeme, uashi, na namna ya kukagua jengo zima. Mchungaji akaniambia niende. Nikakataa mara tatu. Nilisema, "Nikafundishwe na nani?" Mke wangu akanitazama. "Mzee, unaogopa kusoma, au unaogopa kuonekana hujui?" Jumatatu nikaenda.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa huko huko Tororo, mwalimu Athieno, rika la kitindamimba wangu. Siku ya kwanza wanafunzi waliniona mlangoni wakasimama wote wakidhani mimi ndiye mwalimu. Nikawaambia, "Kaeni, wanangu. Mimi natafuta dawati." Wakacheka, nami nikacheka, na nafikiri hapo Bwana alianza kunilegeza.

Wiki ya tatu, mwalimu Athieno akachora nyumba ubaoni. Akatuonyesha waya wa kijani na manjano, ule mafundi wanaouita athi, ambao kazi yake ni kupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Akasema, "Majengo mengi ya zamani, waya huu ulifungwa kwenye bomba la maji la chuma, kwa sababu bomba lenyewe limezikwa ardhini. Sasa anakuja fundi. Anatoa chuma, anaweka plastiki, anakwenda zake. Umeme uliopotea utapita wapi?"

Akagonga ubao kwa chaki.

"Plastiki haipitishi. Basi chombo kimoja tu kikiharibika mle ndani, umeme unakwenda kukaa kwenye koki. Pale unamngoja mtu. Na atakayeumia zaidi ni yule asiye na viatu, aliyesimama kwenye maji."

Ndugu zangu! Nilimwona Nekesa pale ubaoni. Wauguzi huvaa viatu vya mpira. Yeye huvua kandambili zake apige deki. Na kile chombo cha umeme cha kuchemshia mikasi ya kliniki, huwashwa Jumatatu na Alhamisi tu.

Na siku ile ilikuwa Alhamisi.

"Mwalimu, nipe ruhusa nipige simu."

"Kuna nini, Mzee?"

"Hiyo nyumba uliyoichora, fundi wake ni mimi."

Nikampigia muuguzi mkuu wa zahanati, ambaye sote tunamwita Musawo, yaani mganga. "Musawo, zima swichi kubwa! Sasa hivi!"

"Mzee, tuna mama hapa yuko karibu kujifungua."

"Tumieni tochi. Na mtu asiguse koki, hata wewe!"

Nikasikia viatu vyake vikikimbia. Kisha akarudi. "Nimezima. Huyo mama alikuwa anakwenda kunawa, Mzee. Kulikoni?"

"Ni mimi," nikasema.

Kesho yake mwalimu Athieno alikuja nami. Tulichimbia nguzo ya shaba ardhini, tukafunga waya wa athi pale, tukaondoa kile chombo kilichoungua ndani, na tukaweka swichi inayojikata yenyewe hitilafu ikitokea. Akapima koki, umeme wote ukiwa umewashwa. Kipimo hakikuonyesha kitu. Nilikaa chini sakafuni nikalia kama mtoto.

Wako watakaouliza kama maombi yetu yalikuwa bure. Hapana! Siku ile nilipoikemea koki, Bwana alinisikia. Alijua anayehitaji kufunguliwa ni mimi, akanijibu kwa kunipeleka darasani. Alimtuma mwalimu mwenye wito wa kufundisha, nami karibu nikatae kwenda kumsikiliza.

Nilikwenda nyumbani kwa Nekesa. Alikuwa anaanika mtama. Nikapiga magoti, nikamweleza yote. Akaendelea kusambaza mtama muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi nimekusamehe, Baba. Lakini ulinifukuza mbele za watu. Unirudishe mbele za watu."

Ndiyo maana nimesimama hapa.

Dada Nekesa, nakuona uko karibu na dirisha. Sikilizeni wote, na mlio nje: dada huyu hakuwa na pepo, wala dhambi aliyoificha. Koki niliiharibu mimi kwa kutojua, na jina lake nililiharibu kwa kiburi. Zahanati imemwomba arudi kazini, naye amekubali. Mtu asimtanie tena.

Namshukuru Mungu aliyemlinda asife mikononi mwangu. Namshukuru kwa mke wangu, kwa mchungaji, na kwa mwalimu ambaye angeweza kuwa binti yangu. Nimemaliza mafunzo, nimefaulu. Na wewe unayeshikilia jambo usilolijua, ukaona haya kuuliza, mtegemee Bwana! Hatakuaibisha. Mimi ameniinamisha kwa upole, na sijawahi kuwa na amani kama hii.

Sasa naenda pale dirishani kumpa dada yangu mkono. Aliyemcheka, na aliyenyamaza siku ile, aje nyuma yangu.