Kutu ya Elihuruma

Mwaka ule maduka ya Ngarenaro, Arusha, yalifurika bidhaa za nje, na kijiwe cha Uwesu muuza kahawa kikafurika maneno. Elihuruma, fundi wa kuchomelea mageti, alikaa kwenye benchi na kikaratasi mkononi. Watafiti walikuwa wametafuta watu wenye afya njema, yeye akiwemo, wakawatoa damu mara tatu kwa miezi mitatu. Nesi alisema wanapima kitu kama kutu ya mwilini. Sasa kutu ndiyo kazi ya Elihuruma. Na Jumapili wazee wake walikuwa wapeleke posa kwa kina Aika, mchumba wake.

— Hebu soma tena, alisema Ludovick, waliyemwita Redio kwa kutonyamaza hata akitafuna.

— Kumi na nne. Ishirini na mbili. Tisa.

— Si imeshuka? Furahi, kaka!

— Umeona wapi kutu ikirudi nyuma? Elihuruma alinong'ona. Nimechomelea mageti miaka kumi. Kutu ikipungua, ujue chuma chenyewe kimeshadondoka.

Mzee Selemani, aliyeitwa Daktari kwa kuwa aliwahi kufagia wodi, alisogea pembeni kidogo.

— Ni haya mafuta ya kupikia ya madebe, alisema. Tangu ruhusa ya kuagiza vitu nje itoke, nani anajua tunaletewa nini?

— Mafuta wapi! Mitumba hiyo! alidakia Redio. Unavaa koti la marehemu wa Ulaya, jasho lake linakuingia.

— Mnausahau mlima, alisema Uwesu. Meru ina moto chini, maji yanapita humo humo. Meno yetu mnayaona yalivyo ya kahawia. Mifupa je?

— Aisee, tutabomoka wote, Daktari alihitimisha.

Jana Elihuruma alishawaambia wazee wasiende. Hakutaka kumwachia Aika ujane.

Mara Aika mwenyewe akatokea, anahema.

— Shikamoo Mzee Selemani.

— Marahaba, mwanangu.

— Eli, nasikia hamji. Kwa nini?

Elihuruma akampa kikaratasi. Aika alikisoma, kisha akatoa cha kwake kwenye mkoba. Naye alikuwa ametolewa damu na watafiti wale wale.

— Kumi na moja. Thelathini. Kumi na tatu. Yangu nayo ilipanda ikashuka; mimi nilikichomeka kwenye Biblia, nikasahau. Mzee Selemani, walituchukua kwa sababu hatuumwi. Sasa namba ya mtu asiyeumwa ni ngapi?

Daktari alimsukumia Uwesu kikombe chake. Uwesu akainamisha birika, likatoka tone moja.

Elihuruma aliikodolea macho ile thelathini. Woga wake wote ukahamia kwa Aika.

— Unaumwa wapi? aliuliza.

— Siumwi popote. Wewe?

Alijitafuta mwili mzima, kichwani hadi kwenye nyayo.

— Wala mimi siumwi. Naogopa tu.

— Umeshaniambukiza huo woga, hata mimi naogopa sasa. Lakini mama ameshanunua jogoo. Njooni Jumapili, tuogope wote.

Elihuruma akainuka kwenda kuwatafuta wazee wake, awaambie Jumapili safari ipo, woga wake akiwa nao.