Uzi Usiolegea

Benchi la fundi viatu lina mguu mmoja mbovu, na mguu huo umefungwa kwa uzi mweupe aliotumiwa na bintiye kutoka kiwanda anachofanyia kazi ng'ambo. Wanaume wanne wenye vitambi hukalia benchi hilo kila jioni, na uzi haujalegea hata kidogo. Jioni ile walibishana juu yake, vikombe vya kahawa mikononi. Fundi alishona soli huku katega masikio. Binti angepiga simu wakati wowote, naye alitafuta swali la kumuuliza, maana maswali ya kazi yakiisha, binti huaga. Na fundi alimkumbuka mno mwanawe.

— Plastiki tu hiyo, alisema Kinyozi.

— Plastiki gani ibebe makalio yako? aliuliza Fundi Simu. Fundi, hebu mweleze tena.

Fundi akaeleza. Plastiki nyingine zikiyeyuka, vijiuzi vyake vya ndani hujisokota ovyo kama tambi. Hii, hata ikiwa uji, vijiuzi hujipanga kuelekea upande mmoja. Ukiisukuma kwenye tundu dogo, hunyooka zaidi, na ikipoa hubaki vivyo hivyo. Maji hainywi, moto inauvumilia.

— Ndiyo maana simu zina vipande vya plastiki hii, alisema Fundi Simu.

— Mmeona! alidakia Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata kuku. Maneno yakipita humo nayo hujipanga. Samaki mkunje angali mbichi!

— Samaki kaingiaje hapa? aliuliza Kinyozi.

— Wakiimwaga barabarani, magari yatajipanga yenyewe, aliendelea Profesa. Tukiinywa sisi, kijiwe kizima kitakubaliana!

— Mungu apishe mbali, alisema muuza kahawa. Nitamuuzia nani?

Wakacheka mpaka benchi likalia. Mama mmoja mgeni, aliyeleta kiatu cha mwanawe, akauliza:

— Kwani huyo binti anarudi lini?

Kicheko kikakatika. Profesa akachungulia kikombe chake. Fundi alikwisha kumuuliza binti habari za joto, za tundu, za kupoa. Hilo la kurudi hajawahi kuliuliza, kwa kuogopa jibu.

Simu ikalia.

— Shikamoo baba. Leo una swali gani?

— Marahaba, mwanangu. Leo nina...

Wote walimkodolea macho. Akageuza kiatu mkononi.

— Hivi, huo uzi ukishapoa, unaweza kuyeyushwa tena?



— Baba, hilo uliniuliza juzi.

— Eti eeh?

— Ndiyo, baba.

Fundi akangoja aagwe. Binti hakuaga. Kahawa ikapoa vikombeni, na simu ikabaki sikioni, kimya, hakuna aliyeikata.