Nyumba Nyembamba Katikati ya Benki Mbili

Fungeni hilo dirisha. Kelele za watalii nimezisikia maisha yangu yote, leo mtanisikia mimi. Kaeni chini, wote watatu, na wewe mkubwa zima simu. Najua ni benki wanauliza kama mama yako ameshakufa. Waambie bado.

Jumanne ulimleta mpimaji wa benki humu chumbani, mkidhani nimelala. Akanyoosha utepe wake juu ya miguu yangu kama mimi ni kabati, wewe ukashika ncha ya pili, na dada yako akanong'ona, "Polepole, asije akaamka." Nilikuwa macho, wanangu. Nikajiuliza, Mungu wangu, hawa kweli niliwazaa mimi?

Watu wanavuka bahari kuja kuona mtaa huu. Wanapiga picha soko la hisa la zamani na nguzo zake, wanapiga picha simba wa mawe mlangoni pa benki ya kushoto, wanashuka kuona ghala la dhahabu lisilo na dhahabu, halafu wanasimama hapa chini, mbele ya nyumba ambayo mtu mzima akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili, na yule kiongozi wao mwenye mwavuli anawadanganya kwamba aliishi humu bahili mmoja tajiri kuliko benki zote. Mwongo mkubwa! Aliishi humu baba yenu, fundi viatu, na benki zote mbili zilimbembeleza auze akakataa, ili ninyi mpate pa kulala. Leo mnataka kuwauzia, ibomolewe yapite magari yao. Hamna haya hata chembe.

Basi sikilizeni. Nyumba nawaachia sawasawa, asije mtu akasema nilipendelea. Ila Alhamisi, mlipokuwa kazini, niliwaita watu wa mambo ya kale nikatia dole gumba. Sasa inahifadhiwa kama lile soko la hisa. Habomoi mtu, na hata msumari mkitaka kugongelea mtaomba ruhusa. Usinikatize! Nuna tu, nimezoea.

Maji kidogo... Asante, kitindamimba wangu. Siku ile ya mpimaji ulisimama mlangoni unalia, na hukusema neno. Woga wako nao niliuona.

Sasa, kufa kwangu. Hospitali siendi. Jeneza halipiti kwenye ngazi hizi, mnajua, na baba yenu tulimshusha dirishani kwa kamba, makarani wa benki wanachungulia. Mimi sitaki hivyo. Mkubwa, utanishusha wewe... mgongoni. Usimpe mtu mwingine. Ulipovunjika mguu nilikupandisha ngazi hizi mgongoni, kila jioni, nina mimba ya dada yako... na hukuwa mwepesi.

Mungu awape... awape watoto wenye subira kuliko ninyi. Awaweke pamoja, hata mkichukiana. Nimemaliza.

Mkubwa, acha kulia. Sogea... Geuka. Nionyeshe huo mgongo.