Vidonge Bitatu bya Masika

Asifiwe Yezu, ndugu zangu, Yeye mwenye anavumiliaka hata bazee bajinga kama mimi!

Munanijua. Nilizalisha nusu ya batoto ya mutaa yetu ya Vulamba, na hakuna mutu wa kunifundisha kitu. Leo naleta haya yangu mbele yenu.

Vita ilitutoa Kamango, mimi na mujukuu wangu Masika. Alikuwa na miaka kenda, na kifafa ilikuwa inamuangusha kila siku. Tulikuwa tunamulisha ku sahani yake peke. Akianguka, hakuna wa kumugusa, ati itaambukiza. Ndugu zangu, alianguka mu moto mbele ya macho yangu, na mimi nikasimama! Mukono wake wa kushoto wenye ulipinda munauona mpaka leo.

Hapa Butembo, infirmier, muuguzi wa kituo cha afya, akatupatia dawa. Akasema: «Mama, nusu ya kidonge kila mangaribi. Kisha juma mbili murudi, tuone kama tunapandisha. Mwili izoee kwanza.»

Nusu! Nikamucheka: «Mwanangu, hata kuku wangu hapana kula nusu!»

Juma ya kwanza, Masika bado akaanguka mara ine. Tena bunduki zikaanza kulia upande wa Beni. Nikawaza: vita haitangoja juma mbili. Mu njia, nani atatupimia dawa? Basi amalize ugonjwa hapa, tukimbie na mutoto muzima. Nikamupa vidonge bitatu mara moja.

Vita haikufika hata kwetu. Masika akalala siku mbili. Bamama majirani bakateka maji ya kumuosha kama maiti. Nikapiga magoti: Mungu, kiburi ni yangu, mutoto ni wako!

Infirmier akakuja na pikipiki, akakuta angali anapumua. Hakunitukana. Ingekuwa heri anitukane! Masika alipoamuka, infirmier akaniambia: «Tunaanza tena, Mama. Robo.»

Robo, ndugu zangu! Nikachora mustari wa makaa ku ukuta kila siku. Robo, nusu, kimoja. Kila kupandisha, tunangoja. Ku kimoja na nusu, kifafa ikanyamaza. Asante Mungu!

Leo Masika anauzisha makayabo, samaki ya chumvi, ku soko, na anakula mu sahani yangu. Lakini mangaribi ananiambia: «Mukaka, bibi yangu, lete, nitakata mimi mwenyewe.» Anashika kidonge na mukono ule wa kupinda, anakata na ule muzima. Namupa maji ya kumezea.

Mwenye iko na mugonjwa, asimufiche, asimukimbize. Mutumainie Mungu. Mimi ndiye nilikuwa na mbio, si Yeye.