Zawadi Aliyoiomba Shangazi wa Masjala

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mwenyekiti wa Bodi ya hospitali yetu. Mganga Mkuu na madaktari wote. Muuguzi Mkuu na jeshi lako la sare nyeupe. Viongozi wa chama cha wafanyakazi. Majirani zetu wa ng'ambo ya geti, wenye maduka na wenye meza. Familia ya Shangazi, kuanzia mzee wake hadi wajukuu wa mstari wa mbele ambao naona soda wameshazimaliza. Na wewe mwenyewe Shangazi, ambaye leo nakuona kwa mara ya kwanza bila kalamu sikioni: nawasalimu nyote kwa heshima na kwa mapenzi.

Ratiba inasema sasa ni "Neno la Katibu wa Hospitali". Kwa desturi neno hilo huwa ni kusoma tarehe ya kuajiriwa, tarehe ya kustaafu, na kumtakia mstaafu maisha mema. Tarehe mtazikuta kwenye karatasi mlizopewa mlangoni. Mimi leo nimepangiwa kazi nyingine, na aliyenipangia ni huyu huyu tunayemuaga.

Kamati ilinituma nikamuulize Shangazi anataka zawadi gani. Wauguzi walipendekeza friji. Watu wa maabara wakasema makochi. Dereva wa gari la wagonjwa akashauri tumkodie gari azunguke wiki nzima, na dereva awe yeye. Nikaenda na orodha yangu hadi dirishani kwake. Akaisoma, akanirudishia. Akasema friji analo, makochi anayo na wajukuu wameshayachana, na safari miguu haitaki. Kisha akavua miwani.

"Nataka ukawaambie wale wawili," alisema. "Miaka kumi na tisa nimemsingizia mtu wa juu. Sasa naenda kupumzika, na uongo ule sitaki kuondoka nao."

Ndugu zangu, hao wawili wamo humu ukumbini. Ni jirani zetu, mtu na mkewe. Waliumizwa na hospitali hii, na mpaka dakika hii hawajui kwamba aliyewaumiza ni mimi. Shangazi ameomba niwaambie leo, kwa mdomo wangu, mbele yenu. Kwa hiyo mkisikia sauti inakwama, msimsumbue fundi mitambo. Kipaza sauti ni kizima.

Lakini kwanza nimseme Shangazi, maana namwona amekaa akidhani ameponea.

Nani kati yenu hajawahi kufokewa katika lile dirisha? Mnaijua masjala yetu: rafu mpaka darini, ngazi ambayo kipandio chake kimoja kimefungwa bendeji, na kitundu cha dirishani ambacho hata sahani haipiti. Nyuma ya kitundu hicho, Shangazi. Humtajii namba ya faili. Anakuangalia, anakuuliza ulilazwa kabla ya paa kuezuliwa na upepo au baada, kisha anapotea, anarudi na faili lako na vumbi lake. Mganga Mkuu alipoleta kompyuta, Shangazi aliipokea vizuri, akaifunika kitambaa, akaendelea na kazi.

Na foleni yake haina mkubwa. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naona unacheka, nadhani unakumbuka. Mwaka ule ulipokuja na homa, walinzi wako wakakupitisha mbele, Shangazi aliwauliza kama homa ya Mheshimiwa ina haraka kuliko ya mama mwenye mtoto mgongoni. Ukarudi nyuma mwenyewe, ukapanga mstari, na tangu siku hiyo hospitali hii hujaisahau kwenye bajeti. Tunakushukuru, na tunamshukuru aliyekurudisha nyuma.

Sasa nije kwangu.

Miaka kumi na tisa iliyopita nilitoka masomoni na tai mpya na kichwa kilichovimba. Nikakuta jambo lililoniuma kwelikweli. Wagonjwa wasio na uwezo, waliokwisha kupewa msamaha wa kulipia matibabu, walikuwa wanasumbuliwa kila mlango. Wahasibu wanawadai, maabara wanawadai, duka la dawa linawadai, na kila mahali inabidi waanze upya kueleza ufukara wao. Nikakaa, nikaandika kurasa tatu. Kila mwenye msamaha apewe faili la njano, wengine wabaki na la kaki. Mtu akionyesha njano, asiulizwe tena. Makao makuu walifurahi, wakaniandikia barua ya pongezi, nikaitia kwenye fremu.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Wiki ya pili, kwenye rundo la mafaili mezani kwa daktari, ya njano yalikuwa chini. Hakuna aliyeagiza hivyo. Wiki ya tatu benchi la kusubiria lilikuwa limejigawa lenyewe, kaki upande wa feni, njano upande wa choo. Nililiona hilo kwa macho yangu. Nikajisemea kwamba watu watazoea.

Asubuhi moja akaja kinyozi wetu wa pale mbele ya geti. Mnamjua, nusu ya vichwa vilivyomo humu ni kazi yake. Alikuwa amemshika mkono mkewe, fundi cherehani, ambaye jicho lake moja lilikuwa limevimba na kufunga kabisa. Mwaka ule kazi zao zilikuwa zimelala, wakapewa msamaha, na Shangazi akawatolea faili kama utaratibu wangu ulivyotaka. Kutoka dirishani hadi kwa daktari wa macho ni hatua arobaini, na katika hatua hizo arobaini walikuwa wamekaa wateja wanne wa kinyozi. Akalichomeka lile faili ndani ya shati. Muuguzi, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akapaza sauti akasema nyie wa njano subirini kwanza. Wote wakageuka kuangalia nani ni wa njano.

Kinyozi alimchukua mkewe wakarudi nyumbani.

Walikaa siku tisa. Siku ya kumi walirudi na faili la kaki, wamelipia kila kitu. Kinyozi alikuwa ameuza kiti chake cha kazi. Daktari alipolifungua lile jicho, alisema wangekuja siku ya kwanza lingepona, sasa basi. Mama yule alikuwa anashona nguo za harusi. Mpaka leo, kabla kinyozi hajafungua duka, anamtungia mkewe sindano kumi na mbili na kuzichomeka kwenye mto mdogo, za kutosha kazi ya siku nzima.

Siku ile kinyozi alikuja dirishani kwa Shangazi. Hakupiga kelele. Alimuuliza ni nani aliyepanga mambo haya ya rangi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, hatua tatu, na kikombe cha chai mkononi. Shangazi aliniangalia juu ya bega la yule bwana. Nadhani alinipa nafasi, akahesabu moyoni mpaka tano au sita. Nikainamia kikombe changu.

"Agizo limetoka juu, baba," Shangazi akamwambia. "Pole sana."

Kesho yake mafaili ya njano yakaisha. Nikaandika ombi la mengine, ombi likapotea. Nikaandika tena, likapotea tena, na Shangazi akawa wa kwanza kulaumu uzembe wa ofisi. Nilikuja kugundua baadaye sana. Yale majalada yalikuwa njano upande mmoja tu, na upande wa pili ni kaki. Kila jioni baada ya kazi Shangazi alikuwa anabaki na rula yake, anayafungua, anayageuza ndani nje, anayakunja upya. Njano ikabaki ndani, ambako mhasibu akifungua anaiona na daktari akifungua anaiona, lakini benchini mafaili yote ni ya kaki. Ukipita na faili lako hakuna anayejua wewe ni nani. Benchi likachanganyika tena, watu wakarudi kugombania feni kwa haki.

Na mnajua kilichofuata? Walikuja wakaguzi kutoka makao makuu, wakaona mafaili yaliyogeuzwa, wakasema huu ni ubunifu, wakaniandikia mimi barua ya pili ya pongezi. Nilikwenda kumwonyesha Shangazi, nimejawa aibu. Akaisoma, akasema wameandika vizuri, naomba hiyo stepla.

Mheshimiwa, wewe huitwa kwenye mikutano ya mataifa, ambako umaskini na dhuluma hujadiliwa siku tano mfululizo na watu waliovaa vitambulisho shingoni. Sisemi isiwepo. Wapo wanaokandamiza watu kwa makusudi, na lazima wapatikane watu wa kuwazuia. Lakini mimi sikuwa na bunduki wala roho mbaya. Nilikuwa na kalamu, nia njema, na kiti cha ofisini ambacho ukikikalia hulioni benchi. Mara nyingine mkikaa na mipango yenu ya kuwasaidia maskini wa dunia, tafadhali waulize wenzako swali ambalo Shangazi alijiuliza peke yake akiwa na rula: huyu mtu atatembea vipi na karatasi hii mkononi, kutoka dirishani hadi kwa daktari, watu wanaomfahamu wakimwangalia?

Shangazi, hujawahi kunisema. Wala mbele ya wenzangu, wala kwa mafumbo. Nilipokuwa mgonjwa uliniletea uji ofisini ukanisimamia mpaka nikamaliza. Nilipofiwa na baba ulikaa na mama yangu siku tatu. Kuna siku nilitamani unitukane tu tumalizane. Umenipenda kama mwanao, nami nimekupenda kwa woga, kwa sababu wewe ndiye pekee uliyejua. Nakuomba radhi kwa miaka yote uliyodanganya kwa niaba yangu, wewe ambaye hata mwezi hukubali uandikwe vibaya kwenye rejesta.

Baba kinyozi.

Umeninyoa miaka kumi na tisa. Uliniweka sawa siku ya harusi yangu, ukakataa malipo. Ninapokaa kwenye kile kiti chako kipya, wembe ukiwa hapa shingoni, mara moja moja huwa unaniuliza kama yule bwana wa juu alishastaafu. Nami hujibu kwamba nadhani bado. Wewe hucheka, unaniambia niinue kidevu.

Hakuna bwana wa juu. Kurasa zile tatu niliziandika mimi. Niliyesimama nyuma yako na kikombe cha chai, nikanyamaza, ni mimi.

Naona umeinuka. Ukitaka kutoka, ndugu zangu naomba mumpishe. Mama amemshika mkono. Basi. Ameketi. Ahsante, mama.

Mama, nilikuwa nimeandika aya mbili zaidi za kumwambia mume wako, na sasa nikizitazama naona kosa lingine. Hata jana nilipokuwa nayapanga maneno haya, nilimpangia yeye tu, kwa sababu yeye ndiye ninayemwogopa. Jicho lilikuwa lako. Kazi ya mikono iliyovurugika ni yako. Miaka yote hii, nikikukuta njiani huvuka upande wa pili, na nikijikuta karibu nawe husalimia huku naangalia chini. Sijawahi kukuuliza hali. Leo nakutazama usoni, na nakuomba wewe msamaha kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Sikudai jibu hapa, mbele za watu. Ukilitoa mwaka huu, au mwakani, au usilitoe kabisa, nitalipokea hivyo hivyo, na kila asubuhi nitapita mlangoni kwako kukujulia hali, mpaka utakaponiambia nisipite.

Shangazi, nimewaambia. Nenda nyumbani kwa amani, mama yangu. Nanyi nyote mlioketi mkanivumilia hadi hapa, nawashukuru kwa kunisikiliza.