Jaji Mmoja, Asiye Mwalimu

Kijiwe changu ni benchi moja ya mbao mbele ya duka la vipuri lililofungwa, kando ya barabara ya Isebania hapa Migori. Mimi ndiye Hemed, mwenye birika. Nilitoka Lamu miaka kumi na mitano iliyopita, na tangu hapo namimina kahawa huku nikisikiliza Kiswahili kikivunjwa mifupa mbele yangu, nami nanyamaza, maana mteja ni mteja. Asubuhi moja Mwalimu Filister wa shule ya wasichana alipita mbio. Timu yake ilikuwa inakwenda Homa Bay kwenye mdahalo wa Kiswahili, na sheria ni kwamba kila shule ije na jaji mmoja, mtu mzima asiye mwalimu wala mzazi, wa kuhukumu shule nyingine. Jaji wao alikuwa ameamka na malaria. Bila jaji, wasichana hawapandi jukwaani. "Fikirieni, tafadhali," akasema, "gari linaondoka saa nne na nusu." Moyo wangu uliruka pale pale. Lakini nani huuliza maoni ya muuza kahawa? Aliwatazama wateja wangu watatu waliokaa kwenye benchi, akaenda zake.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Wakili. Jina lake ni Maranga, mwendesha boda. Aliwahi kuitwa kortini kuwa shahidi mara moja, kesi ikaahirishwa, basi akarudi Wakili.

Wakili: Hiyo kazi ni yangu. Mimi najua jaji anaangalianga nini. Anaangalia goti.

Gorogoro: Goti ya nani?

Gorogoro ni Phelesia, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Kila kitu duniani, hata mapenzi, yeye hukipima kwa gorogoro, ule mkebe wake.

Wakili: Ya msemaji! Mdomo inaweza danganya, goti haiwezi. Goti ikitetemeka, huyo hana pointi. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Gorogoro: Na hiyo inaingia wapi?

Wakili: Si akiinama goti itaonekana?

Nilimimina kahawa huku nimeuma mdomo.

Gorogoro: Wacha mchezo, omera, ndugu yangu. Jaji anahesabu. Msichana akisema "kwanza," hiyo moja. Akisema "pili," hiyo mbili. Mwaka jana kuna mmoja alifika "kumi na nne" na kengele haijalia. Nani atashinda huyo?

Wakili: Pointi zenyewe zilikuwa gani?

Gorogoro: Sijui. Nilikuwa nahesabu.

Dhahabu alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali yake. Huyu ni Werema, mchimbaji wa dhahabu huko Masara. Ana miaka tisa shimoni, na kila Ijumaa anakuja mjini kutuambia kwamba wiki ijayo ndiyo yenyewe.

Dhahabu: Nyinyi hamjui kitu. Jaji anaangalia glasi ya maji. Kila msemaji amewekewa yake, sindio? Mwenye atakunywa wa kwanza amekwisha. Koo imekauka, maneno imekauka.

Wakili: Na kama ana kiu tu?

Dhahabu: Kiu ya nini? Maji yakimwagika hayazoleki!

Gorogoro: Imemwagika saa ngapi na amekunywa?

Dhahabu: Mama, wacha nimalize.

Gorogoro: Umalize aje na mimi sijamaliza yangu? Nilikuwa kumi na nne.

Wakili: Tulieni. Glasi nimekubali nusu. Lakini jaji mkubwa, wa taifa, huyo anangoja nzi.

Gorogoro: Nzi?

Wakili: Nzi atue hapa, juu ya mdomo. Msichana akiendelea kuongea bila kufukuza, pointi kumi. Huyo ana roho ngumu, hata bunge anaweza.

Dhahabu: Na nzi asipokuja?

Wakili: Jaji mzuri anakuja na yake. Kwa sanduku ya kiberiti.

Hapo nilicheka waziwazi, birika likatikisika mkononi. Wote watatu walikuwa wanasema kwa pamoja, huyu goti, huyu glasi, huyu anahesabu kwa vidole, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Ndiyo maana hawakumwona msichana mwenye sweta ya kijani aliyekuwa amesimama karibu na jiko langu kwa muda mrefu.

Msichana: Habari zenu, wazazi. Mimi ni Liz, niko kwa timu. Mwalimu amebaki kwa gari pale steji. Amesema niulize, ni nani anakuja na sisi?

Lori la miwa lilipita, na wote watatu wakaligeukia kulitazama.

Wakili: Mimi ningekuja, lakini hii pikipiki nani ataangalia?

Gorogoro: Omena yangu nimeanika. Mvua ikikuja je?

Angani hapakuwa na wingu hata la dawa. Dhahabu alitazama kucha zake zenye udongo, kisha akasema taratibu.

Dhahabu: Msichana wangu, ukweli nikuambie. Mimi nitaogopa. Niliishia darasa la tano. Wale watoto watanijua.

Nilimpenda sana Werema wakati ule.

Liz: Kwa hivyo nimwambie Mwalimu turudi tu shule?

Alisema bila kulia, lakini alikuwa ameikunja karatasi yake ya hoja mpaka imekuwa ndogo mkononi. Nikasikia sauti yangu mwenyewe.

Mimi: Mwanangu, mimi je?

Wote wakageuka, kama vile birika ndilo lililosema.

Wakili: Hemed? Si wewe ni wa kahawa?

Liz: Baba, wewe ulikuwa unawasikiza hawa?

Mimi: Miaka kumi na mitano.

Akacheka.

Mimi: Lakini na mimi nilikomea darasa la saba. Hebu niambie, jaji hutafuta nini hasa?

Liz: Sisi tunaambiwa jaji anasikiza mpaka mwisho. Halafu anapea ushindi mwenye amejibu mwenzake, hata kama yeye jaji hakubaliani na yeye.

Gorogoro: Hiyo tu?

Liz: Hiyo tu, mama. Na ni ngumu.

Nikavua aproni.

Gorogoro: Na kahawa yetu?

Mimi: Vimebaki vikombe vitatu. Mimineni wenyewe.

Dhahabu akasimama, akavua koti lake, akanivalisha kwa mikono yake. Lilinuka shimo.

Dhahabu: Jaji hawezi enda na shati ya moshi. Nenda, bwana. Nenda utuwakilishe.

Tulikimbia mimi na Liz mpaka steji, na wasichana walipoona nimefika wakapiga vigelegele hadi makanga wa matatu wakageuka kutazama. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Ndani ya gari Mwalimu Filister akanipa fomu na kalamu. Jina nililiandika upesi. Penye kazi mkono ukasita, nikafikiria kuandika mfanyabiashara. Kisha nikaandika: muuza kahawa. Mwalimu akasoma, akatia sahihi, akamwambia dereva twende.