Profesa Kyule Ndolo na Mahafali Aliyoyakwepa

Wachungaji, majirani wa Kikima, na wageni mliotoka Kitui na Nairobi, historia hii mnasomewa na Nyamai, mdogo wake marehemu, ambaye amepewa kazi ngumu, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuzipenda historia za marehemu, akisema zimejaa watu wema wasiowahi kukosana na mtu, na aliwafundisha wanafunzi wake kwamba tarehe isiyo na shahidi ni uvumi tu. Basi tunaanza na uvumi. Profesa Kyule Ndolo alizaliwa tarehe 1 Januari 1958, kwa mujibu wa kitambulisho chake na cha nusu ya wazee wa rika lake hapa Mbooni, lakini mama yetu, Wayua, alishikilia mpaka kufa kwake kwamba alimzaa wakati wa baridi, maharagwe yakivunwa, na sisi hatujawahi kuona baridi ya Januari. Tumebishana wiki nzima, kwa hivyo chagueni wenyewe.

Alisoma shule ya msingi hapa Kikima kuanzia 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari Machakos mpaka kidato cha sita mwaka 1977, kisha akajiunga na chuo kikuu Nairobi, alikohitimu mwaka 1981, na siku hiyo, ijulikane wazi, baba yetu alichinja fahali, marehemu akala, akacheza, akapigwa picha akiwa na joho, wala hakuona kosa lolote katika mahafali.

Tarehe 16 Aprili 1983 alifunga ndoa kanisani na Kalunde, mwalimu wa shule ya msingi, wakajaliwa watoto watatu, Mwau, Ndululu, na kitinda mimba Mbinya, aliyekuja wakati mama yake alikuwa ameshagawa nguo zote za watoto.

Aliandikia magazeti Nairobi kwa miaka kumi na mitatu, akaingia katika kufundisha uandishi wa habari, na mwaka 2008 akawa profesa katika chuo kikuu kimoja huko Kitui, ambako wanafunzi wake aliwapandisha kwa miguu milima ya Mutitu na Nzaui kutafuta habari, kwa kuwa aliamini kwamba anayeandika kuhusu ukame akiwa amekaa ndani ya gari anaandika kuhusu gari. Wengi walimlaani njiani, na wengi wao wako hapa leo wakilia.

Sasa tuseme lile ambalo kila mtu wa ukoo huu analijua. Mwaka 2011, marehemu alishuka kituoni Kikima, akapanda bodaboda, na aliyemwendesha akamsalimia kwa jina, kwani alikuwa mwanafunzi wake aliyehitimu mwaka uliotangulia akiwa wa kwanza darasani, na walipofika nyumbani kijana yule akakataa nauli, akasema profesa hawezi kumlipa mwanafunzi wake. Marehemu aliingia ndani akakaa bila kula. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena mahafali yoyote, akisema kwamba hawezi kukaa jukwaani amevaa joho jekundu, akisikiliza mgeni wa heshima aliyelishwa na serikali tangu ujana wake akiwashauri vijana wajiajiri, kisha wanafunzi mia saba watunukiwe shahada kwa sentensi moja, watoke nje wakavishwe mashada ya kumetameta, na Jumatatu waanze kutafuta kazi katika vyumba vya habari vinavyofukuza watu.

Kwa hivyo, kila msimu wa mahafali ulipofika, wenzake wakipiga pasi majoho, yeye alitafuta fimbo, thamosi ya chai na viazi vitamu, akaenda mlimani. Hilo tungelivumilia kama lingekuwa la chuo peke yake. Mwau alipohitimu mwaka 2012, baba yake alikuwa juu ya Nzaui. Ndululu alipohitimu mwaka 2017, baba yake alikuwa mlima Endau, na katika picha ya familia kuna kiti ambacho Kalunde alikiwekea mkoba wake ili kisionekane kitupu. Tulimsema, wazee wakamwita, mchungaji akaja, na kila mara alisikiliza kwa adabu, akatushukuru, akafanya alilotaka. Shemeji yetu Kalunde alimwambia mbele yetu sote, "Wewe enda tu, hiyo mlima yako ndiyo itakuzika." Alicheka, akaomba chai.

Mbinya naye, kana kwamba anamkomoa, alichagua uandishi wa habari. Baba alimkataza, binti akakataa kukatazwa, wakakaa mwezi mzima wakitumiana salamu kupitia kwa mama, hata Kalunde akachoka kuwa posta. Mwishowe Mbinya alimwambia kwamba hataki mawaidha wala zawadi, anataka siku atakapohitimu baba yake awe ameketi pale, na marehemu akajibu, "Hiyo yako nitakuja, na nitakaa mpaka chakula iishe." Hatukumwamini. Mbinya peke yake ndiye aliyemwamini.

Mwaka 2023 madaktari walimpata na ugonjwa wa moyo, wakamkataza kupanda milima, naye akafasiri kwamba walimaanisha milima mirefu. Jumapili tarehe 16 Novemba 2025, tulipokuwa kanisani, alipanda mlima wa hapa Mbooni pamoja na rafiki yake Hemedi, mfanyabiashara wa Kitui, akisema ni safari ya mwisho kabla ya mahafali ya Mbinya, na wakati wa kushuka kifua kikambana. Hemedi na wakulima wa huko juu walimbeba mpaka barabarani, akafikishwa hospitalini mjini Wote, na huko akaaga dunia Jumatatu tarehe 24 Novemba 2025. Inauma, na inakasirisha, na hatutaficha lolote kati ya hayo mawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Mzee Hemedi na jamaa zake, majirani waliokesha nasi, wahadhiri wenzake, na wanafunzi wake wa tangu zamani, akiwemo yule wa bodaboda, ambaye juzi, Alhamisi, alimpeleka Mbinya na mama yake chuoni Kitui kwa gari lake mwenyewe, kwa sababu Kalunde aliamua kwamba mtoto atahitimu, msiba au si msiba.

Jambo la mwisho. Asubuhi baadhi yenu mliuliza pale langoni kwa nini tenti ya mazishi ina vitambaa vya njano na maua, kama tumekosa heshima. Tenti hii aliiagiza Kyule. Mwezi Oktoba, bila kumwambia mtu, alikwenda kwa mwenye tenti, akachagua rangi, akahesabu viti, akaiwekea tarehe ya leo, Jumamosi ya sherehe ya hapa nyumbani ya kumpongeza Mbinya kwa kuhitimu. Mwenye tenti alipotupigia simu kutaka kujua kama abadilishe mapambo, Mbinya alisema yaachwe jinsi baba alivyoyachagua. Ndugu yangu, ulale kwa amani. Binti yako ameketi hapa mbele, amevaa joho.